Uvimbe Wenye Adabu

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na zikizidi gawana na wenzako hapo kazini. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama unakula, maana katika ile picha uliyotuma umekonda kama uzi wa kudarizi. Cherehani yangu nyeusi ilianza kuruka mishono, nimeitia mafuta ikanyamaza, lakini najua inanivizia.

Usinipigie simu ukishasoma hii. Sikio langu la kushoto unalijua. Tukiongea kwenye simu mimi napiga kelele na mtaa mzima unapata habari zetu bure. Tuandikiane tu, kama ulipokuwa shule ya bweni.

Baba yako ameniambia kwamba maabara uliyoingia kazi yenu ni kutafuta ndani ya mimea kitu cha kupunguza uvimbe. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Bibi yako, mama yangu mzazi, angekuwa hai angewaomba kazi! Unalikumbuka lile jani la uani, lenye vinyweleo upande wa chini? Mtu akiteguka mguu, bibi analiponda, analipasha, anafunga na kitambaa, na muda si muda mtu huyo anacheza mpira. Hatukuwahi kulijua jina. Tuliliita "lile jani" na kila mtu alielewa. Nimekukaushia fungu, limo kwenye bahasha hii. Lichunguze uniambie kama lina kitu kweli, au tulikuwa tunaponywa na ukali wa bibi yako.

Habari nyingine ni kwamba nimeanzisha mtindo. Mashati ya kola ndefu, inayosimama mpaka chini ya masikio. Nilijishonea mimi mwenyewe tu, wateja wakaiona, sasa wanagombania. Jua lote hili watu wamefunga shingo utadhani kuna theluji. Mitindo haina akili, lakini inalisha fundi.

Mjomba wako.


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Na shikamoo ya mkaza mjomba mfikishie kabla hujakaa. Mwambie nakula vizuri, aliyekonda ni mpiga picha. Baba alipita kunitembelea, akalala siku mbili, akatengeneza mlango wa kabati ambao haukuwa umeharibika. Sasa haufungi. Nampenda hivyo hivyo.

Bahasha yako imefika. Nilipoifungua pale mezani harufu ikanipeleka moja kwa moja kwenye kifundo cha mguu wangu, ile siku nilipoanguka kwenye ngazi na bibi akanikandamiza huku akinigombeza. Msimamizi wangu akauliza mbona natabasamu. Nikamwambia nimeletewa barua na jani.

Najua utataka kujua tunavyofanya, kwa hiyo nakueleza. Jani tunalisaga, tunaliloweka kwenye spiriti mpaka spiriti ifyonze yaliyomo. Halafu tunaipasha taratibu, spiriti inaruka, na chini ya chupa kunabaki kitu cheusi kinachonata kama asali iliyoungua. Hicho ndicho tunachokipima. Upande wa pili tuna seli, yaani vile vijisehemu vidogo kabisa vya mwili, tunavilea kwenye visahani kama vifaranga. Kwanza tunavikasirisha, tunavitilia kitu kinachovifanya vidhani vimevamiwa na wadudu. Vikikasirika vinatoa kemikali za kuita msaada, na kemikali hizo ndizo zinazoleta uvimbe mwilini. Hapo ndipo tunatia dawa yetu, tuone kama hasira itashuka. Kukasirisha na kubembeleza, mjomba, kutwa nzima, na nalipwa mshahara.

Niambie: bibi alilichuma likiwa bichi au likianza kukauka? Alilipasha kavu au kwa maji? Vitu hivi vinabadilisha matokeo.

Mpwa wako anayekukumbuka.


20 Machi

Marahaba, mwanangu.

Hapa tuko salama. Mke wangu amekataa kuamini habari ya mpiga picha. Mvua imevujisha bati la duka upande wa vitambaa vya suti, nimehamishia vyote kitandani, sisi tunalala pembeni kama wapangaji.

Bibi alilichuma bichi, baada ya umande kukauka, kabla halijatoa maua. Akilichuma lina maua alisema limeshawapa nyuki nguvu zake. Alilipasha kwenye sufuria kavu mpaka lilegee. Na wakati mwingine alilichemsha, tukanywa. Chungu! Nisalimie hizo seli mnazozichokoza, naona maisha yao hayana tofauti na ya mtu aliyeoa.

Nina swali, si langu. Nina mteja mmoja, mtu mzima kama mimi, ana uvimbe. Hakuanguka, hakujigonga, umekuja wenyewe tu. Je, hilo jani linafanya kazi hata kwa uvimbe usiokuwa na sababu? Ananisumbua kila akija kuvaa suti ya majaribio, nami nimemwambia nina mpwa anayejua. Usinifanye mwongo.

Mjomba wako.


16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini vitambaa vimerudi dukani na nyinyi mmerudi katikati ya kitanda. Mimi ni mzima, ila mikono yangu inanuka spiriti hata siku za mapumziko.

Kaa kwanza. Umekaa? Lile jani linapunguza uvimbe!

Tumerudia jaribio mpaka msimamizi akachoka. Kila tukitia ile dawa nyeusi, seli zinatulia, zile kemikali za hasira zinashuka. Zile zisizopewa zinaendelea kufoka. Nilikimbia kwenye korido kama mtoto. Bibi alikuwa sahihi, mjomba, na hata lile la maua ni kweli: lenye maua nguvu yake imepungua. Kwa nini, hatujui. Nataka kujua kuliko ninavyotaka kula.

Lakini usitangaze mtaani. Kisahani si mtu. Manjano ya jikoni yana kitu kinachofanya maajabu kwenye kisahani, ila ukiyala, tumbo linakipokea kidogo mno, kingi kinapita kama mgeni aliyekataa kuketi. Jani letu huenda likawa hivyo hivyo.

Kuhusu mteja wako, muulize mambo manne, maana uvimbe una ishara zake tangu zamani: pamekuwa pekundu? Pana joto ukigusa? Pamefura? Panauma? Na ni wapi, gotini au wapi? Nijibu haraka, nimeshaanza kumpenda mteja huyu.

Mpwa wako mwenye furaha.


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kuchelewa. Ni msimu wa sare za shule, mtaa mzima una watoto waliorefuka kwa makusudi. Mke wangu yuko salama, anakohoa kidogo tu. Baba yako alipita, akaangalia bati langu linalovuja, nikamwahi nikamwondolea ngazi.

Barua yako nilimsomea mke wangu mara mbili, ile sehemu ya "linapunguza uvimbe" nikaisoma mara tatu. Yeye alikuwa anamsumbua yule mteja kwamba aende hospitali. Nikamwambia, unaona? Sayansi imesema. Hospitali ya nini tena, na dawa iko uani? Akanyamaza, jambo ambalo unajua si la kila siku.

Basi mteja anakunywa asubuhi na jioni. Usiku anaufunga. Nimemuuliza mambo yako manne na majibu ni mazuri kabisa: wekundu hakuna. Joto hakuna. Maumivu hakuna, hata akiubonyeza. Uko tu, chini ya sikio, kwenye kona ya taya, mgumu mgumu kama kifungo cha koti kilichofunikwa kitambaa. Anasema ni uvimbe wenye adabu, haumghasi mtu. Umekua kidogo tangu mwaka jana, lakini polepole sana. Kwa hiyo katika mambo manne ana moja tu. Naona ameshapona robo tatu kabla ya kuanza dawa!

Kola ndefu zinaendelea kuuzika.

Mjomba wako.


13 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Uvimbe usio na joto, usio na wekundu, usiouma, unaokua polepole, huo si uvimbe wangu. Kosa ni langu, na kosa ni la neno hili moja tunalolitumia kwa vitu viwili. Ninaouchunguza mimi ni ule wa mwili unapopigana: umeteguka, umeumwa na nyuki, umeingia mwiba. Unakuja na kelele na ukishamaliza vita unaondoka. Ule mwingine ni kitu kinachoota. Nyama inayojijenga mahali ambapo haikuitwa. Nao tunauita uvimbe. Jani la bibi halina la kufanya hapo. Linaweza kubembeleza hasira, na huo hauna hasira yoyote.

Huo ndio mama alikuwa nao. Unajua.

Nikuambie jambo ambalo hata baba halijui. Chuoni niliona tangazo: utafiti wa mimea na uvimbe. Nilijiandikisha siku hiyo hiyo, kwa sababu nikiwa mdogo niliambiwa "mama yako ana uvimbe" na hakuna aliyeongeza neno. Nilidhani ni huo. Nilikaa darasani nikisubiri mwalimu aufikie, hakuufikia. Nilipotambua kwamba nimeingia kwenye uvimbe mwingine kabisa, nilikuwa nimeshaipenda kazi, nikaona haya kuondoka na haya kusema. Kwa hiyo sikulaumu. Neno hili limenipoteza mimi kabla yako.

Mteja aache kunywa hilo jani, aende hospitali wiki hii. Huenda ni kitu kidogo tu, vingi vya hapo huwa si vibaya. Lakini lazima kiangaliwe na mtu mwenye vifaa, si na mpwa mwenye visahani.

Na mjomba. Kola ndefu ulianza kuzishona lini?

Mimi.


5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Kikohozi cha mke wangu kimeisha. Sare zimekwisha kuchukuliwa, isipokuwa sketi moja ambayo mwenyewe amehama. Bati nimeziba. Paka wa jirani amezaa kwenye kapu la vipande vya vitambaa, sina moyo wa kuwahamisha, kwa hiyo nakata kwenye meza ndogo.

Barua yako nimeipata. Habari ya chuo imenigusa sana. Ulikuwa mtoto, nasi tulidhani tukikuficha maneno tunakuficha na machungu.

Yale mengine tuyaache. Hospitali ya hapa naijua. Niliwahi kumpeleka mtu pale akiwa anatembea kwa miguu yake, ananitania njia nzima kwamba suruali yangu ni fupi. Tuyaache.

Mjomba wako.


15 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na pole na paka. Baba amekuja tena. Nimemficha bisibisi, tukakaa tukaongea, na nikamuuliza nisichowahi kumuuliza.

Anasema mama aliujua uvimbe wake muda mrefu kabla yenu nyote. Aliuficha chini ya khanga, akawa anajikanda mwenyewe, kwa sababu haukuwa unauma. Siku uliyompeleka wewe, daktari alisikitika akasema laiti angemwona mwaka mmoja nyuma. Baba alisikia kwa masikio yake. Wewe ulikuwa nje unatafuta maji ya kunywa, na baadaye hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukueleza.

Hospitali haikumchukua dada yako, mjomba. Wala wewe hukumpeleka kufa. Wewe ndiye wa kwanza aliyemshika mkono. Kama angekuambia mapema, ungemshika mapema.

Sikuulizi mteja ni nani. Nakuuliza tu, amekwenda? Naogopa sana. Jana nilikosea kipimo kwa sababu nilikuwa nafikiria taya lako. Samahani, taya lake.

Mpwa wako.


30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na leo naanza na jambo lenyewe, salamu zitakuja nyuma.

Mteja amekwenda.

Barua yako nilikaa nayo siku nyingi mfukoni, nikawa naigusa kama mtu anayehakikisha ufunguo. Mke wangu alikuwa ameisoma kabla yangu, ndiyo tabia yake na safari hii namshukuru. Asubuhi moja alivaa viatu vya kutokea, akasimama mlangoni mwa duka. Nikachomoa plagi ya pasi, nikafunga.

Daktari ni kijana, ana kovu kwenye nyusi. Akanipapasa chini ya sikio, akasema, "Mzee, huu ni uvimbe." Nikamwuliza, "Upi? Maana kuna wa hasira na kuna wa kuota." Akaniangalia. Nikamweleza kama ulivyonieleza, na visahani nikamtajia. Akavuta kiti akakaa, akasema wagonjwa wengi wakisikia neno hilo wanaitikia tu na kwenda zao, kila mmoja na uvimbe wake kichwani. Tukaongea mpaka watu waliokuwa nje kwenye foleni wakaanza kugonga.

Wakanichoma sindano wakavuta vijisehemu kidogo vikapimwe. Miaka yote nachoma watu kwa pini nikiwapima, nikaona Mungu ana kumbukumbu. Majibu yakarudi: ni kitu kilichoota kwenye tezi ya mate. Si kile cha mama yako. Lakini akasema vya aina hii vikiachwa miaka vinaweza kugeuka, na vikigeuka mazungumzo yanakuwa mengine. Nikasema, kitoe.

Wamekitoa. Nimeona mshono, nimeukagua kwenye kioo, mkono wa daktari si mbaya, ila angeanzia nyuma zaidi. Upande mmoja wa mdomo umelegea kidogo, pini zinadondoka nikizishika kwa midomo. Anasema utarudi wenyewe. Jani nimeacha kulinywa. Nalo halikuwa na kosa, tulilituma kazi isiyo yake. Endelea nalo, nataka kujua habari ya maua.

Kuhusu dada yangu. Nimekuwa nikiamini kwamba nilimpeleka kufa mimi mwenyewe. Nililia pale kitandani mpaka muuguzi akadhani ni mshono, akaniletea vidonge. Sikumkatalia. Ungewahi kunieleza hayo ningekuwa mtu mwingine, lakini hata wewe hukuwa umeelezwa.

Sasa salamu: wote hatujambo. Paka wamefumbua macho.

Mjomba wako.


9 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Barua yako nimeifungulia kwenye korido, nimeegemea ukuta, na koti la maabara bado mwilini. Nilipofika kwenye "wamekitoa" nikachuchumaa. Wenzangu wakatoka mbio kuniuliza kuna nini. Nikawaambia mjomba wangu amepona.

Msimamizi akasema, "Pole, hatukujua kama anaumwa."

Nikamwambia, "Hakuwa anaumwa hata kidogo. Ndiyo maana niliogopa."